Sura ya Sita: Nyimbo Zisizohitaji Karatasi

Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, haina sura ya mahali pa hija. Mpita njia anaiona kama mji wa magari: barabara ya North Circular imeikata vipande, karakana ya treni za chini ya ardhi imekalia eneo kubwa, na mabasi yanapakia na kushusha watu wanaowahi kazini. Lakini ukiteremka Neasden Lane kuelekea kusini unafika kwenye Kanisa la Mtakatifu Maria wa Willesden, na hapo unakutana na jambo la kale zaidi ya reli na lami. Kabla London haijavimeza vijiji vya Middlesex, watu wa mjini walikuja hapa kuhiji kwa Bikira Maria wa Willesden. Mwaka 1538, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa ameshaachana na Roma, sanamu ya Bikira iliondolewa kanisani, ikapelekwa Chelsea na kuchomwa moto pamoja na sanamu za mahali pengine pa hija, ikiwemo ile mashuhuri ya Walsingham.

Kanisa lile la kale leo ni la Waanglikana. Wakatoliki waliporudi kujipanga katika eneo hili karne ya 19, walitaka Bikira wao arudi pia. Mwaka 1892 Askofu Mkuu Herbert Vaughan, ambaye muda mfupi baadaye alifanywa Kardinali, alibariki sanamu mpya iliyochongwa kutokana na mwaloni wa uwanja wa kanisa lile la zamani. Sanamu hiyo inatunzwa Harlesden, jirani na Neasden. Mwezi Oktoba 1954 ilibebwa hadi uwanja wa Wembley, na Kardinali Bernard Griffin akaivika taji mbele ya umati mkubwa.

Sanamu iliyoungua inaweza kuchongwa nyingine. Apatikane fundi hodari na gogo zuri, kazi itakwisha. Uimbaji wa waumini haurudi kwa njia hiyo. Huo unataka mtoto aliyeusikia kwa mama yake, mama aliyeusikia kwa bibi, na Dominika nyingi za kurudiarudia. Ukikatika kwa vizazi viwili, hubaki kwenye vitabu tu, na kitabu peke yake hakiimbi.

Sura hii inafuata uimbaji huo: ulivyonyamazishwa Uingereza, ulivyokua Afrika Mashariki, na jinsi pande hizo mbili zinavyokutana katika parokia za Neasden na majirani zake. Hoja yangu ni hii: mapokeo ya muziki mtakatifu yanapimwa kwa kile ambacho waumini wanaweza kukiimba pamoja bila karatasi mkononi. Umri wa wimbo na lugha yake ni mambo ya kuzingatia, lakini yanafuata nyuma.

Kimya cha Waingereza

Mtu wa Songea, Kisii au Bukavu anayehudhuria Misa ya Dominika London kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote. Watu hawaimbi kwa nguvu. Kinanda kinalia, namba za nyimbo zimebandikwa ubaoni, vitabu vimefunguliwa, na sauti inayosikika ni ndogo. Wengi husema ni baridi, au ni tabia ya Wazungu. Sababu ya kweli iko kwenye historia.

Mwaka 1559 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha kitabu kimoja cha sala cha Kianglikana. Misa ikawa kosa. Waliobaki Wakatoliki waliadhimisha ndani ya nyumba za watu wenye mali, milango imefungwa, mtumishi akichungulia dirishani. Mwanamuziki mkubwa kuliko wote wa zama zile, William Byrd, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwimbaji katika kanisa la Malkia Elizabeth, na papo hapo akiandikwa kwenye orodha za watu wanaokataa kusali na Waanglikana. Kwa miaka mingi aliishi Harlington, katika Middlesex ile ile iliyokuwa na Willesden. Kati ya mwaka 1592 na 1595 alichapisha Misa tatu za Kilatini: moja ya sauti tatu, moja ya sauti nne, nyingine ya sauti tano. Zilichapishwa bila ukurasa wa jina, maana mchapaji naye alikuwa na shingo yake ya kuilinda. Ni muziki wa watu wachache waliokusanyika chumbani, kila mmoja akishika sauti yake.

Wakatoliki wa kawaida hawakuwa na Byrd. Walikuwa na kimya. Hata sheria ya mwaka 1791 iliporuhusu makanisa yao kufunguliwa, ilikataza yasiwe na mnara wala kengele. Halafu karne ya 19 wakaja Waayalandi kwa maelfu, wakikimbia njaa na kutafuta kazi za reli na ujenzi. Nao walitoka kwenye nchi ambako Misa ilikuwa imeadhimishwa porini, juu ya mawe, askari wakiwa hawako mbali. Parokia ya Kikatoliki ya Neasden imewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Patrick, na jina hilo linatosha kueleza ni nani waliozijaza parokia za upande huu wa London. Misa waliyoizoea ilikuwa Misa ya kusomwa: padre akisali kwa sauti ya chini, mtumishi akimjibu kwa Kilatini, na waumini wakizungusha rozari zao.

Jitihada za kurudisha sauti zilikuwepo. Kanisa Kuu la Westminster lilipokuwa likijengwa, Vaughan alimkabidhi Richard Terry kazi ya kuanzisha kwaya, na tangu mwaka 1901 Terry akaanza kuzifufua Misa za Byrd na za mtunzi mwenzake Tallis ambazo Uingereza yenyewe ilikuwa imezisahau. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa barua yake kuhusu muziki mtakatifu, akiagiza uimbaji wa Kigregoriani urudishwe kwa waumini ili washiriki kama zamani. Mwaka 1912 Terry alihariri kitabu cha nyimbo kilichoenea katika parokia za nchi nzima. Lakini nyimbo hizo ziliimbwa zaidi jioni, wakati wa Baraka ya Sakramenti Kuu, na kwenye maandamano. Ndani ya Misa yenyewe, Mkatoliki wa mtaani alikuwa msikilizaji. Bibi wa Kiayalandi anayekaa kimya leo kwenye benchi la nyuma hakuzembea; alilelewa kujua kwamba kimya ndiyo heshima.

Herufi kutoka Plaistow

Wakati London inanyamaza, upande wa pili wa dunia watu walikuwa wanafundishwa kuimba. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Miaka kumi baadaye Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walipita Bagamoyo kwenda Tabora na maziwa makuu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani walijenga Peramiho kuanzia mwaka 1898. Wajerumani hawa walikuja na desturi ya kwao: padre anaposoma Misa kwa Kilatini, waumini wanaimba tenzi kwa lugha wanayoielewa. Kwa hiyo katika vigango vingi vya kusini mwa Tanganyika, Mkristu mpya alijua mambo mawili kwa pamoja. Alijua kumjibu padre kwa Kilatini, na alijua kuimba kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo yanapingana.

Chombo kilichosaidia kazi hiyo ni nota za sol-fa, na asili yake ni Uingereza. Sarah Glover wa Norwich alibuni mbinu ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi. Mwaka 1841 mchungaji kijana, John Curwen, alipewa kazi ya kutafuta njia bora ya kufundisha uimbaji katika shule za Dominika. Akaichukua mbinu ya Glover, akairekebisha, na kutoka Plaistow, mashariki mwa London, akaisambaza kwa vitabu na magazeti. Herufi ni d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha na mistari huonyesha mapigo. Juu ya karatasi huandikwa doh iko wapi, mwalimu wa kwaya anaitoa kwa mdomo au kwa kinanda, na sauti nne zinaingia.

Faida yake kwa misheni ilikuwa kubwa. Kuchapa muziki wa mistari mitano kulihitaji mitambo maalumu. Kuchapa sol-fa kulihitaji herufi za kawaida tu. Mtu asiye na kinanda nyumbani aliweza kujifunza wimbo kwa kusoma. Curwen hakuwa Mkatoliki, na hakuwaza Misa ya Kilatini alipokuwa akihangaika na watoto wa London. Hata hivyo, ukiingia leo kwenye mazoezi ya kwaya Kigoma, Moshi au Machakos utakuta karatasi zilizochakaa zenye herufi zake. Mwalimu wa kwaya kutoka Mbeya akihamia Neasden na rundo la nota kwenye sanduku, anairudishia London kitu ambacho London ilikiacha zamani.

Lugha nayo ilikuwa na madai yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Beti za Kijerumani na Kiingereza, kinyume chake, mara nyingi humalizia mstari kwa silabi nzito. Wamisionari walipotafsiri tenzi bila kugusa tuni, Mwokozi akawa mtu mwenye mkazo kwenye zi, na Maria akavutwa mpaka akapoteza sura. Katika lugha za Kibantu zenye toni, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu tuni ikipanda mahali ambapo neno linashuka, maana yenyewe hubadilika. Padre Stephen Mbunga, mwana wa upande wa Peramiho, aliliona hilo kwa jicho la mwanamuziki na la mwanasheria wa Kanisa. Mwaka 1963 kilitoka kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikionyesha kwamba sheria hizo zenyewe zinaacha mlango wazi kwa muziki wa Kiafrika ndani ya liturujia. Tayari alikuwa ametunga Misa Baba Yetu, mojawapo ya Misa za mwanzo za Kiswahili zilizotungwa kwa mwendo wa muziki wa nyumbani.

Hakuwa peke yake. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alizikaribisha ngoma za kifalme za Wasukuma na kujenga kanisa lenye umbo la nyumba ya jadi. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Na huko Kamina, katika Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya kwaya ya wavulana na walimu wao. Mwaka 1958 wakaimba Misa Luba.

Misa Luba inastahili kusikilizwa kwa makini na kila anayedhani kwamba Kilatini na ngoma ni maadui. Maneno yake ni ya Kilatini, yale yale ya Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei. Muziki wake ni wa Kongo: wito na mwitikio, mapigo yanayopishana, sauti moja inayoanzisha na kundi linalopokea. Kwaya ilizunguka Ulaya mwaka huo huo, sahani ikatolewa, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika ndani ya filamu ya Kiingereza ya Lindsay Anderson, If.... Kwa hiyo vijana wa London waliokuwa wameacha kwenda kanisani walisikia Kilatini cha Misa kwa mara nyingine, safari hii kwa sauti za watoto wa Katanga.

Vifungu viwili vya Mtaguso

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia. Watu huisoma kwa kuchagua. Anayependa mambo ya kale hukimbilia kifungu cha 116, kinachoupa uimbaji wa Kigregoriani nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kiroma, mambo mengine yakiwa sawa. Anayetaka ngoma hukimbilia kifungu cha 119, kinachotambua kwamba mataifa, hasa ya nchi za misioni, yana muziki wao wenye nafasi kubwa katika maisha yao ya kidini na kijamii, na kuagiza muziki huo upewe heshima yake. Kifungu cha 54 husahauliwa na wote wawili. Hicho kinaruhusu lugha za watu, kisha kinaagiza kwamba waumini waweze kusema au kuimba pamoja, kwa Kilatini, sehemu za kawaida za Misa zinazowahusu.

Mababa wa Mtaguso waliviweka vifungu hivyo ndani ya hati moja. Waliotekeleza ndio waliovitenganisha. Uingereza ilipopata Misa ya Kiingereza, Kilatini kilitoweka parokiani ndani ya miaka michache, na nafasi yake ikachukuliwa na tenzi za Kianglikana na nyimbo za gitaa. Mwaka 1971 wasanii na wasomi wa Uingereza, wakiwemo Agatha Christie, ambaye alikuwa Mwanglikana, na mpiga fidla Yehudi Menuhin, ambaye alikuwa Myahudi, walimwandikia Papa Paulo wa Sita wakiomba Misa ya zamani isifutwe kabisa. Mwezi Novemba mwaka huo Kardinali John Heenan wa Westminster alipata ruhusa hiyo kwa ajili ya Uingereza na Wales.

Walichokitetea kilikuwa kizuri. Lakini waliokitetea walikuwa wengi wao wasikilizaji, watu wanaothamini Misa kama wanavyothamini jengo la kale. Swali la nani ataimba halikuwemo kwenye barua yao. Lilijibiwa mwaka 1974, Papa huyo huyo alipowatumia maaskofu wa dunia kijitabu kidogo, Jubilate Deo, chenye nyimbo nyepesi za Kigregoriani ambazo alitaka kila muumini azijue. Kijitabu hicho hakikupata kelele zilizopatwa na ruhusa ya mwaka 1971, wala zile zilizofuata mwaka 2007, Benedikto wa Kumi na Sita alipoipanua Misa ya zamani, na mwaka 2021, Fransisko alipoibana tena. Mjadala wa misale mbili umewachosha watu. Kijitabu cha kurasa chache, ambacho kingeweza kufundishwa parokia nzima ndani ya Kwaresima moja, kimebaki kwenye rafu.

Waliokuja na vyote viwili

Waafrika Mashariki wa kwanza kuimba kwa wingi katika makanisa ya Kikatoliki ya upande huu wa London hawakuwa Wangoni wala Wakamba. Walikuwa Wagoa. Goa, nchini India, ilikuwa chini ya Wareno kuanzia mwaka 1510 hadi 1961, na kila parokia yake ilikuwa na shule ambapo mwalimu wa muziki alifundisha watoto kusoma nota, kupiga fidla na kuimba Misa kwa Kilatini. Watoto hao wakakua wakawa makarani, mafundi cherehani, wapishi na wapiga muziki katika Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Jioni walipiga muziki wa dansi, na Dominika walikaa kwenye kinanda cha kanisa. Baada ya uhuru, na hasa mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wengi walihamia Uingereza, na Wembley ikawa mojawapo ya makao yao. Walikuja na Kikonkani, Kiingereza, Kiswahili cha sokoni na Kilatini cha Misa, vyote katika kichwa kimoja.

Majirani zao wa Nairobi na Kampala, Wagujarati, walikuja katika wimbi lilelile. Hekalu la Kihindu la Swaminarayan lililofunguliwa Neasden mwaka 1995 lina mizizi mirefu Afrika Mashariki, na ukiketi na wazee wake utasikia Kiswahili kikiibuka katikati ya Kigujarati. Kwa hoja yetu kuna jambo la kujifunza pale. Arti yao, yaani wimbo wao wa ibada, ni ile ile kila siku. Mtoto wa darasa la kwanza na babu yake wanaiimba pamoja, na hakuna anayetafuta namba ya ukurasa. Watoto waliozaliwa London, ambao Kigujarati chao kinayumba, wanaijua kwa sababu hawakuwahi kupewa nafasi ya kutoijua.

Wakatoliki weusi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo walifuata baadaye, wengi wakiwa wauguzi, wanafunzi, wakimbizi na walezi wa wazee. Walikuta parokia zilizojaa mataifa: Waayalandi, watu wa Karibi, Wafilipino, Wapolandi, Wabrazili, Wanaijeria. Katika parokia ya namna hiyo, Kiingereza ni lugha ya kazi kwa wote na lugha ya sala ya utotoni kwa wachache. Mtu anaweza kuielewa homilia yote na bado asiwe na wimbo wa kumtoa machozi.

Jibu la kawaida ni Misa ya Mataifa. Mara moja kwa mwaka kila jamii huvaa vitenge na mavazi yake, hubeba bendera, huimba wimbo mmoja, na baada ya Misa kuna pilau, wali wa Kinaijeria na keki. Ni siku nzuri, na watu hupigana picha. Lakini Dominika inayofuata namba zinarudi ubaoni, na Bwana Utuhurumie ya Kiswahili iliyopigiwa makofi inasubiri mwaka mwingine. Wimbo unaoimbwa mara moja kwa mwaka ni maonyesho. Hauwezi kuwa sala ya parokia, kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuujua ila waliouleta.

Nasi tusijisifu kupita kiasi. Nyumbani kuna malalamiko yetu, na yanasikika kila baada ya Misa ya pili, pale nje waumini wanaposalimiana. Kwaya imevaa sare mpya, kinanda kimewekewa mdundo wa mashine, kila Dominika kuna wimbo mpya, na waumini wamekuwa watazamaji kama wale wa Neasden, tofauti ikiwa ni kelele. Wimbo wa matoleo unaendelea hata padre akiwa ameshanawa mikono. Maagizo ya Roma ya mwaka 1967 kuhusu muziki katika liturujia yalilikataa jambo hilo waziwazi: kwaya isiimbe kila kitu na kuwanyima waumini sehemu yao. Maonyo hayo yanahusu kwaya ya Kilatini yenye sauti nane kama yanavyohusu kwaya ya Mtakatifu Sesilia yenye vigelegele. Tukitunga Utukufu mpya kila mwezi, tunafanya kazi ile ile iliyofanywa na sheria za Kiingereza: tunawanyang'anya watu kile walichokijua kwa moyo.

Kilicho chetu na kilicho cha wote

Turudi kwenye kipimo chetu. Mzee wa Kiayalandi, Mgoa wa Mombasa, mama wa Kifilipino, kijana wa Bukoba: ni nini wanachoweza kuimba pamoja bila kitabu? Mara nyingi ni Kilatini. Misa ya Malaika, Misa ya nane katika kitabu cha Kigregoriani, ilifundishwa Dublin, Goa, Manila na Bukoba. Wengi wetu tuna shangazi asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini Gloria yake haina kosa. Na Kilatini kina haki moja katika parokia ya mataifa: si lugha ya mama ya mtu yeyote, kwa hiyo hakimpi mtu yeyote kiti cha mbele.

Wapenda ukale nao wajue kwamba Misa ya Malaika si ya wakati wa Papa Gregori. Sehemu yake kubwa ni ya karne ya 15 na ya 16, na Credo inayoimbwa nayo kwa kawaida ni ya karne ya 17. Ilikuwa muziki mpya siku moja, ikaimbwa mpaka ikawa ya zamani. Misa Luba na Misa Baba Yetu zinaweza kupita njia hiyo hiyo, mradi kuna parokia zitakazozirudia.

Tayari kuna dalili isiyotarajiwa. Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, alitunga muziki juu ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2005. Mwaka 2011 Baba Yetu yake ilipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Leo kwaya za shule na za mitaa, Uingereza ikiwemo, zinaiimba kwa bidii, wengi wa waimbaji wakiwa hawaelewi maneno zaidi ya maelezo waliyopewa na mwalimu wao. Kiswahili kimeanza kutumiwa na wageni kama lugha ya kusali ambayo huhitaji kuizungumza. Kama mtoto wa shule wa Kiingereza anaweza kukariri Sala ya Bwana kwa Kiswahili kwa ajili ya tamasha, parokia haina kisingizio cha kudai kwamba Mtakatifu mmoja wa Kiswahili utawashinda waumini.

Ningependekeza mambo machache, yasiyohitaji fedha. Parokia ichague Misa moja ya Kilatini kutoka Jubilate Deo, na iiimbe Majilio na Kwaresima, kila mwaka ile ile, mpaka watoto wachoke nayo na wazee waizoee. Ichague Utukufu mmoja wa Kiswahili, au wa Kiigbo, au wa Kitagalogi, uliotungwa kwa kiitikio kifupi, na iuimbe kipindi chote cha Pasaka, ili anayeanzisha awe mwenye lugha na anayeitikia awe parokia nzima. Muundo wa kuanzisha na kuitikia tunao tangu ngomani, na ndio ulioko katika zaburi za Kigregoriani. Kwaya iongoze, kisha inyamaze mahali ambapo wimbo ni wa watu. Nyimbo mpya zije polepole, na hakuna inayoingia mpaka moja iliyotangulia imekwisha kuwa ya wote.

Mapendekezo haya yataonekana madogo kwa anayetaka vita kati ya Misa ya zamani na ya sasa, au kati ya kinanda na kayamba. Kwa familia za Neasden hali ni tofauti. Watoto wao wanazaliwa London. Kiswahili chao ni cha salamu na chakula, Kilatini hawana, na nyimbo za Kiingereza za parokia hubadilika kila wiki. Kisha inakuja siku ya msiba. Mwili wa mama uko mbele ya altare, kesho utasafirishwa kwenda Kilimanjaro au Kakamega, na shangazi waliofika kwa ndege wanaanzisha wimbo. Wao wanaimba mpaka mwisho. Watoto wa marehemu wanatazama sakafu, kwa sababu mama yao aliwapa kila kitu ila huo wimbo, na parokia yao haikuwapa mwingine wa kujibu.

Kila parokia, ya Neasden au ya Songea, inaweza kujipima kwa msiba wa kwanza utakaoifika. Kinanda kizimwe, vitabu visigawiwe, mtu mmoja aanzishe. Kile ambacho watu wote watakipokea ndicho mapokeo yao. Ikiwa hakuna kinachopokelewa, mwalimu wa kwaya ana kazi, na mazoezi yaanze wiki hii.